Pointi Zilizolala Kwenye Laini

Mei 2020, serikali ilipofunga Eastleigh kwa sababu ya korona, cherehani yangu ilinyamaza. Mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, Nairobi, na vitambaa vyangu karibu vyote hutoka Eastleigh. Wateja nao walikuwa wameacha kuja. Nani anashonesha gauni la harusi na harusi zenyewe hazipo? Wiki ya pili, M-Pesa yangu ilikuwa imebaki na shilingi 85. Jirani yangu wa ploti, mwanamke asiyependa maneno mengi, alinikuta mlangoni akaniuliza, "Mama, umeangalia Bonga zako?"

Nikabonyeza *126#. Pointi 4,200.

Bonga ni mpango wa Safaricom wa kuwatuza wateja wake, na ulianza 2007. Ukitumia shilingi 10 kupiga simu, unapata pointi moja. Kwa miaka mingi sisi wa mitaa ya Eastlands tulizijua pointi hizo kama njia ya kujiokoa kredi ikikuishia usiku: unazigeuza dakika au SMS, basi. Lakini Aprili 2020 kampuni iliruhusu tuzitumie kulipia bidhaa kwenye tili za Lipa na M-Pesa, kila pointi kwa senti 30. Mwenye duka hakupokea pointi. Alipokea pesa.

Pointi 4,200 kwa senti 30 ni shilingi 1,260. Nilienda duka la kona nikaomba unga pakiti tatu, mafuta, maharagwe kilo mbili, sukari na sabuni ya kipande. Niliingiza namba ya tili iliyobandikwa kwenye wavu, tarakimu moja moja, mkono ukitetemeka kidogo kwa sababu sikuamini. Simu ya mzee wa duka ikalia. Akavaa miwani, akasoma ujumbe, akausoma tena. "Mathe, imeingia," akasema, akaanza kunipakia.

Usiku huo nilichukua chaki ya kushonea nikapiga hesabu juu ya meza ya kukatia. Ili kupata pointi 4,200 kwa kiwango cha moja kwa kila shilingi 10, nilikuwa nimetumia shilingi 42,000. Hapo ndipo nilipoacha kuziita zawadi. Nilizilipia. Hata kwenye vitabu vya hesabu, kampuni huandika pointi ambazo mteja hajazitumia kama deni linaloikabili. Kampuni inajua inadaiwa kiasi gani. Sisi tunaodai ndio tunaosahau.

Tangu siku hiyo sibonyezi "kubali" kabla ya kujua pointi moja inaninunulia senti ngapi. Hesabu yake ni kugawa tu. Tuseme bando la shilingi 50 linataka pointi 250: kila pointi imekupa senti 20. Sasa tuseme unaonyeshwa simu ya shilingi 9,000, unaambiwa lete pointi 5,000 na shilingi 8,500. Umepunguziwa 500, kwa hiyo kila pointi imekupa senti 10, nusu ya ile ya bando. Na kabla hujashika hiyo simu, panda matatu uende kwenye maduka ya simu ya Luthuli Avenue uulize bei. Ukiikuta kule kwa 8,500 taslimu, pointi zako 5,000 hazikununua chochote.

Bando nalo lina mtego wake. Senti 20 ni 20 kweli ikiwa ulikuwa unaenda kulinunua hata hivyo. Kama umelichukua kwa sababu pointi zipo, likaisha muda wake usiku wa manane hujaligusa, thamani yake kwako ni sufuri. Ndiyo maana mimi zangu hupenda ziishie kwenye unga na sabuni. Hivyo havikwepeki, na pesa ambayo ningevinunulia inabaki mfukoni kwa nauli.

Kuna wanaoziweka ziwe nyingi kama akiba ya chama. Ninawaelewa, lakini pointi hazizai riba, na anayepanga bei yake si wewe. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Aliyekuwa amezilaza pointi zake tangu 2020 aliamka akakuta zinanunua unga pungufu kuliko awali. Mwishoni mwa mwaka huohuo Safaricom ikatangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka 3 zingefutwa. Watu walilalamika sana na mpango ukasimamishwa, lakini tulikuwa tumeonyeshwa kwamba jambo hilo linawezekana.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeonja hasara hiyo kwingine. Nilikuwa na kadi ya supamaketi moja, sitaitaja, nikiwa nakusanya pointi za seti ya sufuria. Miaka mitatu nilipita maduka ya karibu nikienda kununua huko hata vitu ambavyo mama mboga alikuwa anauza rahisi. Tawi lile likafungwa. Kadi bado ninayo kwenye kopo la vifungo. Kilichoniuma zaidi ni zile shilingi tano, shilingi kumi nilizokuwa naongeza kila safari ili nipate pointi. Pointi ikikufanya ununue ghali, inakula kutoka kwako.

Na mtu akikupigia kukwambia umeshinda pointi, umtajie PIN yako azikuingizie, kata simu. Pointi zako unaziona mwenyewe kwa *126#, wala huhitaji kumwambia mtu yeyote namba yako ya siri.

Desemba nilipoenda ushago nilimwomba mama simu yake. Ana laini hiyohiyo tangu mimi nikiwa kidato cha pili, na hutupigia sisi watoto wake kila jioni. Pointi 7,310, hajawahi kugusa hata moja. Alidhani ule ujumbe wa Bonga ni matangazo. Nikamweleza, akanipokonya simu, akazisoma mwenyewe kwa sauti, saba, tatu, moja, sufuri. Kisha akaniuliza kama duka la pale njia panda lilikuwa bado liko wazi.