Tapping Reeve na shule ya sheria ya chumba kimoja

Kijana wa Marekani wa karne ya 18 aliyetaka uwakili alijiunga na ofisi ya wakili, akalipa ada, akapewa kalamu. Kazi yake ilikuwa kunakili wosia, hati za ardhi na hati za madai. Wakili mwenye subira alimweleza maana ya anachoandika. Aliyeelemewa na wateja alimwacha kijana abaki karani asiye na mshahara, anayejua tu yale yaliyobahatika kupita mezani kwake.

Tapping Reeve, aliyehitimu Princeton mwaka 1763, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa wakili, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri yake. Aliwafundisha Aaron Burr na dada yake Sally, watoto yatima, na baadaye akamwoa Sally na kuhamia Litchfield, Connecticut. Burr alipokuja kusoma sheria kwa shemeji yake mwaka 1774, wengine wakafuata. Mwaka 1784 Reeve akajenga chumba kimoja cha mbao kando ya nyumba yake, na hicho kikawa shule nzima.

George Wythe alikwishaanza kufundisha sheria huko Virginia mwaka 1779, lakini ndani ya chuo kilichokuwapo. Shule ya Reeve ilisimama peke yake na kazi yake ilikuwa moja tu, kuandaa mawakili.

Mpangilio ndio uliokuwa mpya. Kwa takriban miezi 14 mwanafunzi alipitia sheria mada kwa mada: mume na mke, mikataba, ushahidi, ardhi, namna ya kuandika madai. Mwalimu alitaja kanuni, kisha kesi inayoitegemeza. Wanafunzi waliandika mbiombio, kisha wakakaa kunakili upya kwa mwandiko safi na kuzitafuta kesi zenyewe vitabuni. Kulikuwa na mitihani na kesi za mazoezi. Mwishowe daftari zilijalidiwa, na kijana akarudi kwao na juzuu kadhaa za mkono wake mwenyewe. Katika nchi ambayo vitabu vya sheria vilikuwa haba, hiyo ilikuwa maktaba ya kuanzia kazi. Ndiyo maana mihadhara haikuchapishwa: ingeuzwa dukani, nani angesafiri hadi Litchfield?

Reeve mwenyewe hakuwa mtu wa vitabu tu. Mwaka 1781, akiwa pamoja na wakili Theodore Sedgwick, aliwatetea Brom na Bett, watumwa waliomshtaki bwana wao, John Ashley, huko Massachusetts. Hoja ilikuwa kwamba katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1780 inatamka watu wote wamezaliwa huru. Jopo la mahakama likawapa uhuru na fidia ya shilingi 30. Bett akajiita Elizabeth Freeman.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, John C. Calhoun alikaa katika shule hiyohiyo. Alikuja kuwa makamu wa rais na mtetezi mkubwa wa utumwa, akijenga hoja hatua kwa hatua. Mpangilio ule ulimfaa yeyote, na wala haukuuliza anautumikia nani.

Reeve alipopata ujaji mwaka 1798 alimwita James Gould, mwanafunzi wake wa zamani, wafundishe pamoja. Reeve alifariki mwaka 1823. Vyuo vikuu vilipoimarisha kozi zao za sheria wanafunzi walipungua, na mwaka 1833 Gould akaifunga shule iliyokwisha kupitiwa na vijana zaidi ya elfu moja.