Pesa iliyokwisha kukatwa ushuru isikatwe tena

Juma lililopita jirani yangu mmoja hapa Frere Town alinijia na bahasha ya karatasi. Kampuni aliyokuwa akifanyia kazi imepunguza watu, naye ana miaka 47, kwa hivyo anataka kutoa pesa zake za pensheni, zile anazoruhusiwa kutoa sasa, aanze biashara. "Mzee, nitazamie hesabu hii kabla sijatia sahihi." Nilishika vitabu vya hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu, na mtaani wanajua.

Nilipoisoma nikaona pesa zake zote zimerundikwa pamoja na kukatwa ushuru kana kwamba ni za aina moja. Kumbe ni za aina mbili.

Unapochanga kwenye mfuko wa pensheni uliosajiliwa, mchango hutolewa kwanza kwenye mshahara, ndipo ushuru uhesabiwe. Lakini kuna kikomo. Hutazamwa mchango wenyewe, asilimia 30 ya mshahara, na kiwango cha sheria, kisha huchukuliwa kilicho kidogo kuliko vyote. Kiwango hicho kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa miaka mingi. Sheria iliyoanza 27 Desemba 2024 ilikipandisha hadi 30,000. Makato ya NSSF nayo yamo ndani ya kikomo hicho, ingawa wengi hudhani ni kapu jingine.

Sasa jirani yangu alikuwa na mshahara wa 140,000. Kuanzia 2021 hadi 2023, ukijumlisha na NSSF, alichanga 28,000 kila mwezi. Kwa hivyo 20,000 hazikukatwa ushuru, na zile 8,000 za ziada zilikatwa asilimia 30 pamoja na mshahara wake. Kwa miezi 36 ziada hiyo ni 288,000, na ushuru alioulipia ni 86,400. Mfuko ukizikata tena asilimia 30 anapozitoa, zinakwenda 86,400 nyingine kwa pesa ile ile.

Ndiyo maana mifuko mingi huandika taarifa ya mwanachama kwa sehemu mbili, iliyosajiliwa na isiyosajiliwa. Ziada huwekwa kwenye sehemu ya pili. Faida yake hukatwa ushuru humo humo mfukoni, na mwanachama akiitoa hakatwi tena. Sehemu ya kwanza ndiyo inayosubiri ushuru wakati wa kutoa.

Wazee wenzangu wasishtuke. Sheria hiyo ya Desemba 2024 iliwaondolea ushuru wa pensheni ya mfuko uliosajiliwa wanaofikisha umri wa kustaafu, wanaoacha kazi kwa maradhi, na waliokuwa wanachama miaka 20 au zaidi. Anayeumia ni kijana anayetoka mapema, na siku hizi ndio wengi, kazi hazikai.

Nilimwambia jirani asitie sahihi. Awaandikie wadhamini wa mfuko kwanza, aombe taarifa yenye sehemu mbili, na aambatanishe fomu zake za P9. Fomu hiyo huonyesha kwa kila mwezi asilimia 30 ya mshahara, mchango halisi na kile kiwango cha sheria, kwa hivyo ziada inaonekana wazi. Wakimpuuza, malalamiko hupelekwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni. Akikubali hesabu ilivyo na ushuru ukishapelekwa KRA, itabidi aombe kurudishiwa kupitia iTax. Muda wa kuomba ni miaka mitano, lakini subira ya kurudishiwa pesa na serikali sihitaji kumweleza mtu wa Mombasa.

Alirudi nyumbani kupekua sanduku. P9 za 2021 na 2023 amezipata. Ya 2022 haionekani, na leo asubuhi amevuka daraja la Nyali kwenda kuiomba kwa mwajiri wake wa zamani.