Tuchague Mbio Zipi za Marathoni?

Katika mkutano wa mwisho wa chama cha wanafunzi wa zamani ilikubaliwa kwamba fedha zilizochangwa zitumike kupeleka wakimbiaji wetu katika mbio za marathoni nje ya Uganda. Fedha hizo zatosha safari moja tu, wala si mbili. Kwa hiyo uchaguzi ukiwa mbaya, hapana budi tungoje mchango mwingine, na wote twajua jinsi mchango unavyokwenda pole pole. Wengine walitaka mbio zenye njia tambarare, wengine walitaka zenye nishani nzuri. Mhariri ameniomba nieleze maoni yangu, maana nimekwisha kukimbia mbio kadha wa kadha katika nchi jirani, nami nafanya hivyo kwa furaha.

Kwa faida ya wanafunzi wadogo, nianze na maana ya jambo lenyewe. Marathoni ni mbio za kilomita 42 na mita 195. Jina latoka katika kijiji cha Marathon, nchi ya Wayunani. Michezo ya Olimpiki ilipoanzishwa upya mwaka 1896, wakimbiaji walitoka kijijini humo wakaenda mpaka Athens, mwendo wa kilomita 40 hivi, na mshindi alikuwa Spyridon Louis, mchukuzi wa maji. Kipimo cha siku hizi kilitumika kwanza London mwaka 1908. Tangu mwanzo, basi, mbio hizi hazikuwa za kuzunguka uwanjani. Zilikuwa safari ya kupita katika nchi ya watu, na watu hao wakitazama.

Ziko mbio ambazo watu huziendea kwa ajili ya saa. Njia ni tambarare, hewa ni baridi, na kila mtu atazama mkono wake. Hizo zina kazi yake, na anayetaka kuwa bingwa azifuate. Ziko nyingine ambazo watu huziendea kwa ajili ya mahali na sikukuu yake. Mathalan, huko Ufaransa, karibu na Bordeaux, kuna mbio za Médoc zilizoanza mwaka 1985. Hukimbiwa mwezi wa Septemba katikati ya mashamba ya mizabibu. Watu wengi huvaa mavazi ya kuchekesha, na njiani hupewa mvinyo na chaza badala ya maji matupu. Muda wa mwisho ni saa sita na nusu, nao wengi huutumia karibu wote. Mtu aweza kudhani huo ni mzaha tu, lakini wenyeji wa Médoc ni wakulima wa zabibu, na siku hiyo humwonyesha mgeni kazi ya mikono yao.

Sasa, si kila ngoma ni utamaduni. Nimepata kuona mbio moja, nisizozitaja, ambapo wachezaji wa ngoma waliletwa kwa lori, wakacheza kwa muda wa robo saa mbele ya wapiga picha, kisha wakarudishwa kwa lori. Baada ya hapo tulikimbia saa tatu katika barabara isiyo na mtu. Nilirudi nyumbani na fulana, lakini sikuwa na habari ya kuwasimulia watoto.

Kwa hiyo mimi nina swali moja ambalo huliuliza kabla ya mengine yote: kilomita ya 30 iko wapi, na ni nani amesimama pale?

Sababu yake ni hii. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini, na akiba hiyo ndiyo inayoendesha miguu. Kwa watu wengi hukaribia kwisha yapata kilomita ya 30. Hapo miguu huwa mizito kama magogo, na moyo huanza kumshauri mtu akae chini. Mwanzo wa mbio wapendeza kila mahali. Hata penye jangwa watu hupiga vigelegele mwanzoni. Sikukuu ya kweli ni ile inayokufikia hapo ulipochoka.

Tuzipime basi mbio za jirani kwa swali hilo. Za Kampala, zilizoanza mwaka 2004 na hufanywa mwezi wa Novemba, ni nzuri sana, na barabara hujaa watu wa rangi ya manjano. Lakini hizo ni za kwetu, nasi twaweza kuzikimbia bila kugusa mfuko wa chama. Za Kigali zilianza mwaka 2005, nazo ni mbio za amani, kwa kukumbuka yaliyowapata Wanyarwanda mwaka 1994. Anayezikimbia hupanda na kushuka vilima vingi, na hupata jambo la kufikiri. Ningependa siku moja chama kiende huko. Za Lewa, nchini Kenya, zilianza mwaka 2000, na hufanywa mwezi wa Juni ndani ya hifadhi ya wanyama, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Walinzi wa wanyama hulinda njia, na helikopta huruka juu kuangalia kama simba yu karibu. Fedha zinazopatikana husaidia hifadhi, shule na zahanati. Ni mbio za ajabu, lakini kilomita ya 30 iko mbugani, na huenda mtazamaji wako akawa twiga. Twiga hawezi kukuambia neno.

Zimebaki mbio za Kilimanjaro, nazo ndizo nizipendekezazo. Hufanywa Moshi, nchini Tanzania, tangu mwaka 2003, Jumapili ya mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Ziko za kilomita 42, ziko nusu yake, na ziko za kilomita tano za kujifurahisha, ambamo mama, mtoto na babu huingia pamoja. Hizi fupi msizidharau. Kwa sababu yake mji mzima una haki katika sikukuu ile, na mgeni hakimbii peke yake na wageni wenzake.

Wakimbiaji wa masafa marefu huondoka alfajiri. Nusu ya kwanza hufuata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na kurudi mjini. Kukicha, ikiwa mawingu hayapo, mlima huonekana wazi, wenye kimo cha mita 5,895 na barafu kichwani, ingawa barafu hiyo yazidi kupungua mwaka hata mwaka. Kisha, baada ya kilomita 21, njia huelekea juu, upande wa Mweka, na hupanda pole pole kwa kilomita kumi hivi, kutoka mita 830 mpaka mita 1,150. Hapo ndipo ilipo kilomita ya 30.

Ni nani amesimama pale? Njia yapita katika vihamba vya Wachagga. Kihamba ni shamba la nyumbani, ambamo migomba huivika kivuli mibuni, na chini yake kuna viazi vikuu na maharage. Wenzetu wa Buganda wataona migomba ile wadhani wamefika kwao. Mifereji ya maji waliyoichimba wazee bado yashuka kutoka msituni. Kahawa ya vihamba hivyo ndiyo iliyojenga chama cha ushirika cha mwaka 1933, KNCU, na hata mahali pa kuanzia mbio ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Siku ile ni Jumapili. Watu waendao kanisani na mavazi yao safi husimama kando ya njia, na watoto hukimbia kando yako hatua mia na kurudi wakicheka. Nikiwa nimekwisha nguvu, bibi mmoja alisimama mlangoni pake akanitazama, akasema, “Pole, baba. Jikaze, bado kidogo.” Haikuwa bado kidogo, zilikuwa zimebaki kilomita kumi na mbili. Lakini yule bibi hakulipwa na mtu kusema vile, wala hakuletwa kwa lori. Nilipanda.

Baada ya mbio huja nyama choma, mtori, ndizi za kila namna, muziki, na mbege. Mbege ni pombe ya Wachagga, itengenezwayo kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na kutiwa ukali kwa gome la mti uitwao msesewe. Ni ndugu wa tonto yetu, ila sisi hutumia mtama. Hapo kwenye chungu cha mbege niliwasikia wazee wakibishana juu ya kahawa na mvua, na katika nusu saa nilijifunza nchi yao kuliko katika vitabu vitatu.

Lakini sikukuu ina mitego yake. Mtego wa kwanza ni jioni ya Jumamosi: mji wachangamka, rafiki ni wengi, na mtu hunywa na kucheza mpaka usiku. Mbege ingoje Jumapili mchana. Wa pili ni kelele za mwanzo, zinazomfanya mtu aanze kwa mbio asizozizoea. Wa tatu ni jua. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, Moshi huwa na joto kali. Asubuhi ikiendelea jua huchoma, na anayekwenda taratibu hukutana nalo mlimani. Mtu anywe maji kila kituo, avae kofia, na akiona kizunguzungu asimame na kuomba msaada. Mwinuko wenyewe hautatusumbua sana, maana Kampala nayo iko juu kama Mweka.

Wanaotaka kwenda waanze mazoezi mwezi wa Septemba, wakiongeza kilomita kidogo kidogo, na wafanye mbio ndefu moja kila juma, tena katika vilima. Kwa basi njia ni Nairobi, Namanga na Arusha. Hati za kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viwe tayari mapema, na nyumba ya wageni iagizwe miezi kadha kabla, maana mji hujaa.

Nanyi wanafunzi, najua wengine mmekwisha kuwashwa na miguu. Mbio za kilomita 42 aghalabu haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, na kanuni hiyo ni ya haki, kwa kuwa mifupa inayokua haitaki kazi ile. Kwenu ziko kilomita tano. Naomba chama kitenge nafasi mbili tatu kwa ajili yenu, ili siku mtakapokuwa watu wazima mwijue njia.

Wako watakaosema kwamba mkimbiaji hana haja na migomba wala mabibi, haja yake ni saa. Kwa bingwa ni kweli. Lakini katika chama chetu bingwa ni mmoja, tena siku hizi ana kitambi. Sisi tuliobaki tutafika wa mia sita au wa mia tisa. Maadamu hatuendi kushinda, na twende mahali ambapo mtu wa mia tisa naye huambiwa pole. Kura itapigwa katika mkutano ujao. Yangu ni Moshi.

Mwanafunzi wa zamani