Kitanda cha mtoto na nyaya za umeme ukutani

Je, kuna madhara mtoto akilala karibu na mita ya umeme au nyaya zilizopita ukutani? Ni swali zuri, na jibu lake si la kutisha.

Umeme unapopita kwenye waya hutengeneza nguvu ya sumaku pande zote za waya huo. Nguvu hii hupenya tofali na saruji, lakini hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali. Mwaka 2002, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Tafiti zilionyesha uhusiano mdogo na saratani ya damu kwa watoto walioishi kwenye nyumba zenye wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Haijathibitishwa kwamba sumaku ndiyo chanzo, na nyumba nyingi ziko chini ya kiwango hicho.

Kwa hiyo sogeza tu kitanda. Mita moja au zaidi kutoka kwenye mita, swichi kubwa au friji inatosha, na kumbuka kuangalia upande wa pili wa ukuta. Vibandiko vya "kuzuia mionzi" havizuii sumaku hii. Pesa hiyo nunua chandarua.

Jambo kubwa zaidi ni kazi ya fundi. Umeme huenda kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro. Nyaya hizi zikipita pamoja, sumaku zake karibu zifutane. Zikitenganishwa, au umeme ukipata njia nyingine ya kurudi, kama bomba la maji, sumaku huongezeka. Lakini hapo sumaku ndiyo shida ndogo: bomba hilo linaweza kumpiga mtoto shoti. Ukihisi mtetemo unapogusa bomba, friji au ukuta wenye unyevu, usiguse tena. Zima swichi kubwa kama unaifikia kwa usalama, kisha ita fundi umeme mwenye leseni. Muulize pia kuhusu swichi ya usalama ya miliampia 30, inayokata umeme yenyewe pale unaorudi unapopungua kuliko uliokwenda. Kama unayo, bonyeza kitufe chake cha kujaribia mara kwa mara, isipokata, imeharibika.

Na ekstensheni isipitishwe chini ya godoro wala kutumiwa ikiwa imeviringishwa. Sumaku yake ni kidogo sana, ila joto lake linaweza kuwasha moto.