Pikapu ya Alfajiri

Kahawa ya Mbozi huvunwa katikati ya mwaka, wakati baridi ya nyanda za juu imekwisha kukaza, na kwa hivyo mwenye pikapu pale Mlowo hujikuta akiihitaji mapema kuliko siku zote, katika majira yale yale ambayo injini huona uzito mkubwa kabisa wa kuamka. Hutoka nje alfajiri amejitanda blanketi, huketi juu ya kiti kilichopoa kama jiwe la mtoni, huzungusha ufunguo, hungoja, kisha huupangusa umande wa kiooni kwa kiganja, huku malori yaendayo Tunduma yakinguruma barabarani. Mtu wa hali hiyo akisikia kwamba iko rimoti ya kuiwasha injini naye angali ndani anakunywa chai, hana budi kuitamani. Nami simlaumu, ila namwomba anisikilize kabla hajakwenda kwa fundi umeme wa magari.

Pikapu zetu nyingi ni za dizeli, na dizeli haina cheche ya kuiwasha. Injini huvuta hewa na kuikandamiza hata ikabaki kama sehemu moja tu katika 16 au 20 za ujazo wake wa awali, na kwa kukandamizwa huko hewa hupata harara ya kuyaunguza mafuta yanyunyizwapo ndani yake. Lakini asubuhi ya Juni chuma baridi huinyang'anya hewa joto hilo, oili huwa nzito, betri hupungukiwa nguvu, na juu ya hayo hewa ya milimani yenyewe ni hafifu kuliko ya pwani. Ndiyo sababu zikawekwa plagi za kupasha moto, na taa ya manjano yenye umbo la waya uliojikunja, ambayo dereva mwenye adabu na gari lake huisubiri izimike ndipo apige stata. Rimoti nayo sharti ifundishwe kusubiri vivyo hivyo. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli peke yake haijui subira hiyo, na itaichosha stata na betri pasi na faida.

Hapo kale kazi hii ilikuwa ya mkono. Utingo alisimama mbele ya gari akapiga hendeli, na injini ikirudi nyuma ghafula iliweza kumvunja mkono. Mmarekani Charles Kettering, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutia mota ya umeme katika mashine ya kuhesabia fedha za dukani, alitambua kwamba mota ndogo yaweza kubebeshwa mzigo mkubwa maadamu ni kwa sekunde chache tu, na mwaka 1911 akaifanyia kampuni ya Cadillac stata ya umeme. Mpaka leo stata ni kiumbe wa sekunde chache. Dereva huiachia kwa sikio, asikiapo injini imeshika. Rimoti haina sikio, basi huhesabu mizunguko ya injini, au hupima volti, ambazo hupanda kutoka 12 na ushei hadi karibu 14 pindi alternata inapoanza kuzalisha umeme.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kifaa hiki kilipata soko lake kubwa katika nchi za theluji, Kanada na kaskazini ya Marekani, ambako magari mengi ni ya gia otomatiki, na gari la otomatiki likiwa kwenye gia hukataa katakata kuwaka. Pikapu ya Mlowo aghalabu ni ya kukanyaga klachi. Tena tunayo desturi, ambayo kila aliyeegesha mlimani anaijua, ya kuliacha gari kwenye gia ili lisiteremke, hasa ikiwa breki ya mkono imelegea. Piga stata gari likiwa katika hali hiyo, nalo litaruka mbele. Magari mengi ya siku hizi yana swichi kwenye klachi inayozuia balaa hilo, lakini ili rimoti ifanye kazi fundi hulazimika kuidanganya swichi hiyo iamini kwamba mguu upo, ilhali mwenye mguu yuko jikoni. Kinga aliyoiweka mtengenezaji imeondolewa, na mbele ya gari huenda ameketi mtoto akiota jua la asubuhi.

Dawa ipo, nayo ni ya busara sana. Jioni dereva huegesha injini ikiwaka, huweka gia huru, huvuta breki ya mkono, huondoa ufunguo hali kifaa kikiendelea kuishika injini, hushuka na kufunga mlango. Hapo tena kifaa huizima injini chenyewe. Kule kunguruma kwa injini baada ya mguu kuondoka kwenye klachi na breki ya mkono kushika ndiko ushahidi kwamba gia i huru, na ushahidi huo husimama usiku kucha. Mtu akifungua mlango wowote, amana imevunjika, na rimoti haitawasha tena. Kwa hiyo nyaya za milango, za boneti na za breki ya mkono ni roho ya kazi yote, nazo ndizo ambazo fundi mwenye haraka huziruka kwanza, kwa kuwa gari huwaka vizuri bila ya hizo.

Mengine nitayapitia kwa ufupi. Viungo vya waya visisokotwe tu na kufungwa utepe. Vichomwe kwa risasi, na fyuzi iwe karibu na betri. Gari lenye ufunguo wa chipu fundi asilifichie ufunguo wa akiba chini ya dashibodi, kwani huko ni kumwachia mwizi nusu ya kazi. Dakika chache za kuwaka zatosha, maana injini ya dizeli ikiwa haina mzigo hupata joto polepole mno, na moshi wake usielekezwe dirisha la chumba walimolala watu.

Kabla hujampa fundi ujira wake, liegeshe gari mahali tambarare pasipo mtu mbele, ufuate utaratibu wote wa jioni. Kisha fungua mlango wa abiria, uufunge, usimame kando na ubonyeze rimoti. Injini ikinyamaza, mlipe.