Mbwa Anatafuna Kila Kitu Nyumbani: Mama, Angalia na Vidole vya Mtoto

Nilikuwa nimeenda nyumba moja kumpima uzito mtoto mchanga. Mama akanipokea na kiatu cha shule mkononi, kisigino kimetafunwa chote, na mbwa mdogo amejificha chini ya benchi baada ya kuchapwa. Yeye alitaka tuzungumzie kiatu. Mimi niliona vidole vya kijana wake wa miaka minne: alama za meno na damu kidogo iliyokauka. Alikuwa amejaribu kumnyang'anya mbwa kile kiatu.

Ndiyo maana muuguzi anakuandikia habari za mbwa.

Mbwa huota meno kama mwanao. Meno yake ya utoto ni 28, nayo huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne. Akifika miezi sita au saba huwa na meno 42 ya ukubwani. Katika kipindi hicho fizi humsumbua, na kutafuna humpa nafuu. Wewe uliyelea mtoto anayeota meno unajua anavyopeleka kila kitu mdomoni. Mbwa hafanyi hivyo kwa jeuri.

Mbwa mkubwa ana sababu nyingine. Aliyefungiwa bandani kutwa nzima bila kutembezwa hutafuna kwa kuchoka kukaa bure. Mwingine ana njaa, au kitu kinanukia chakula. Ukiona anaharibu mlango au dirisha kila mnapotoka tu, huyo anaogopa kuachwa peke yake.

Kumchapa hakusaidii. Alitafuna saa nne asubuhi, fimbo inakuja saa kumi na mbili jioni. Hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Ule uso tunaosema ni wa kujuta ni woga, na mbwa mwenye woga huwa mwepesi kumng'ata mtoto anayemsogelea.

Kinachosaidia ni kuondoa vitu mbele yake na kumpa vyake. Viatu viwekwe juu. Mpe karoti nzima, au kitambaa kinene kilichofungwa mafundo na kulowekwa maji baridi, ukiondoe kikianza kuchanika asije akameza vipande. Usimpe ndala chakavu: hajui kutofautisha chakavu na ile uliyonunua jana. Mtembezeni asubuhi kabla hamjatoka. Akishika kitu chenu, mwonyeshe kipande cha chakula. Akiachia, mpe chakula na uchukue kitu chako. Akizoea kubadilishana hana haja ya kukipigania.

Kazi hiyo ni ya mtu mzima. Mfundishe mtoto asichukue chochote kinywani mwa mbwa, hata kama ni mdoli wake. Akuite wewe. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa mliyemlea wenyewe, na zaidi sana mbwa anapokula au kutafuna.

Vipo pia vitu vinavyoweza kumuua mbwa. Waya wa chaja ukiwa kwenye umeme, betri, mifupa ya kuku iliyopikwa ambayo hupasuka kama sindano, na pampasi zilizotumika, kwa sababu unga wa ndani hufura na kuziba utumbo. Dawa nazo: paracetamol ni sumu kwake, na pakiti aliyoipasua huacha vidonge sakafuni, mahali anapotambaa mtoto wako.

Sasa jambo ninalotaka ulishike zaidi. Mbwa ambaye hakuwa na tabia hiyo, ghafla akaanza kutafuna mawe, vijiti na udongo, akatoa mate mengi, akabadilika sauti au akashindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimsogelee. Toa watoto uani, funga mlango, mwite afisa mifugo.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na meno, hata na mbwa mdogo, hata kama alama ni ndogo, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala majani. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo baada ya kung'atwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa naye msimuue wala kumfukuza kama anaonekana mzima. Afungwe mahali salama aangaliwe siku 10. Chanjo yake hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi ihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Kijana yule tulimwosha bombani, nikihesabu dakika kwa simu huku akilalamika kwamba maji ni ya baridi. Kadi ya mbwa haikuonekana. Mama akaweka kiatu chini, akambeba mchanga mgongoni, tukaenda wote kituoni mchana uleule.