Goti Mbele ya Hakimu

Mtu aliyevunjwa mguu na pikipiki huonana na watu wengi kabla shauri lake la fidia halijafika mahakamani: askari wa usalama barabarani anayemwandikia PF3 ikiwa ni Tanzania, au P3 ikiwa ni Kenya, daktari wa upasuaji anayemtia vyuma, na karani wa bima anayemwambia arudi wiki ijayo, lakini katika hao wote hakuna aliyekaa naye saa nyingi zaidi, wala aliyeusikia mguu ule ukikataa na kukubali chini ya viganja vyake, kuliko yule ambaye wagonjwa humwita daktari wa mazoezi na vyuoni huitwa mfiziotherapia. Na siku ya kutoa ushahidi ikiwadia, aghalabu ni yeye asiyeitwa.

Nayasema haya kwa sababu muda wa miezi minne nilikuwa mgeni wa chumba cha mazoezi cha hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Ni chumba chenye vitanda vifupi vya ngozi bandia, vyuma viwili sambamba vya kujishikizia, baiskeli isiyokwenda popote, na sauti ya kijana mmoja mpole akisema tangu asubuhi, "Tena, mama, bado tano." Kijana huyo alikuwa na goniomita, nayo ni kipimapembe chenye mikono miwili ya plastiki: mkono mmoja huulaza juu ya paja, wa pili juu ya muundi, mhimili wake ukikaa ubavuni mwa goti, kisha humwambia mgonjwa akunje kadiri awezavyo, akasoma nyuzi na kuziandika katika faili. Siku ya kwanza goti langu lilikunjika nyuzi 55. Baada ya wiki sita likafika 90, na hapo likagoma.

Msomaji mwenye magoti mazima huenda asione tafauti kubwa kati ya nyuzi 90 na 130, na hakimu pia ni msomaji mwenye magoti mazima. Lakini mtu anapotembea barabara iliyonyooka goti lake halihitaji kukunjika zaidi ya nyuzi 60 au 70. Kupanda ngazi kwataka kama 90. Kuinuka kwenye kiti kifupi kwapita 100. Na kuchuchumaa, au kukaa baina ya sijida mbili, kwapita 130. Basi mwanamke mdai mwenye goti la nyuzi 90 ataingia mahakamani akitembea vizuri, na wakili wa bima atamwonyesha kidole na kuuliza ulemavu uko wapi, hali mwanamke yule anajua moyoni kwamba hawezi tena kukalia mbuzi akakuna nazi, na nazi ndiyo biashara yake. Hapo ndipo panapotakikana mtu wa kumtafsiria hakimu nyuzi zile kwa lugha ya jikoni, sokoni na msikitini.

Ripoti za udaktari katika mashauri ya ajali huishia mara nyingi kwenye asilimia. Daktari wa mdai huandika ulemavu wa kudumu asilimia 15; daktari wa bima humpima mtu yule yule na kuandika asilimia tano; na hakimu, ambaye hakusomea mifupa, hubaki kati yao kama mnunuzi baina ya wachuuzi wawili. Mimi siwadharau madaktari, maana aliyeutia mguu wangu vyuma alikuwa mahiri; ila asilimia ni kauli isiyo na mwili, wala haisemi ni ya nini.

Wazee wetu wa pwani waliosoma fiqhi ya Imamu Shafi hawataliona hili kuwa geni. Katika milango ya diya, yaani fidia ya kuua au kujeruhi, ambayo kamili yake ni ngamia mia, mkono mmoja una nusu ya diya, na kila kidole ngamia kumi. Lakini mafakihi hawakukomea kwenye nyama iliyokatwa, bali walisema kwamba mkono uliopoozeshwa kwa pigo, ijapokuwa bado unaning'inia begani pamoja na vidole vyake vyote vitano, fidia yake ni ile ile ya mkono uliokatwa, kwa kuwa kilichopotea ni manfaa. Na madhara yasiyokadiriwa kitabuni walirudisha ukadirio wake kwa watu wenye ujuzi wa jambo hilo.

Mahakama za Kiingereza zilifika hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1782, katika shauri la Folkes na Chadd, watu waligombania sababu ya bandari ya Wells, katika jimbo la Norfolk, kujaa mchanga. Akaitwa mhandisi John Smeaton atoe rai yake, na Lord Mansfield akaamua kwamba rai ya mjuzi wa jambo ni ushahidi halali. Kanuni hiyo iliandikwa katika Sheria ya Ushahidi ya Uhindi ya mwaka 1872, ikavuka bahari hadi kwetu, na leo imo katika kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya na katika Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967. Sheria hizi hazikumtaja daktari peke yake. Zimemtaja mtu mwenye ujuzi mahsusi. Kenya, fauka ya hayo, ina Sheria ya Wafiziotherapia tangu mwaka 2014, yenye baraza la kuwasajili, hata wakili anayeuliza kwa kejeli, "Kwani wewe ni daktari?" ana jibu lake tayari.

Hata hivyo mfiziotherapia ana mipaka, na shahidi mwema huitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Kusema mfupa umeungana au haukuungana ni kazi ya daktari na picha zake. Kusema ajali ile hasa ndiyo iliyoleta maumivu haya ni jambo ambalo hata mahakama za majimbo ya Marekani hazikuafikiana kama mfiziotherapia ana ruhusa nalo. Lake ni kueleza mwili huu unaweza nini, hauwezi nini, na amejuaje. Hilo la "amejuaje" ndilo zito: mwaka 1953 mahakama ya Uskoti, katika shauri la Davie dhidi ya jiji la Edinburgh, ilisema kwamba kazi ya shahidi mtaalamu ni kumpa jaji vigezo vya kuipima rai yake, si kumtaka ainywe kama dawa.

Iko tashwishi nyingine. Aliyemtibu mtu miezi minne humpenda, na anayempenda huweza kumwongezea. Mwingereza aliliona hilo, na mwaka 1993, katika shauri la meli iitwayo Ikarian Reefer, jaji aliorodhesha wajibu wa mashahidi wataalamu, mkuu wake ukiwa kwamba rai yao iwe huru, isipindwe na haja za shauri. Ndiyo maana wengine husema heri aje mfiziotherapia mgeni, apime mara moja, aondoke. Mimi sikubali moja kwa moja. Mgeni hupima siku moja, na mwili una siku njema na siku mbaya. Faili la aliyetibu lina siku arobaini. Tena lina neno ambalo mgeni hatalijua maana yake: "hakuhudhuria." Wakili wa bima hulipenda sana neno hilo, kwa kuwa sheria humtaka aliyeumia ajitahidi kupunguza madhara yake, bali mfiziotherapia anayemjua mgonjwa huweza kueleza kwamba wiki zile tatu mgonjwa huyo hakuwa na nauli.

Na juu ya wadanganyifu, maana wapo. Mwaka 1980 Gordon Waddell, daktari wa mifupa wa Uskoti, alitoa alama tano za maumivu ya mgongo zisizolingana na maumbile ya mwili. Mawakili wakazidaka kama mtego wa kunasia waongo, hata yeye na mwenzake wakalazimika kuonya baadaye kwamba alama hizo peke yake si ithibati ya uongo, kwani mwenye hofu na mwenye dhiki huzionyesha vilevile.

Nalijua hilo kwa nafsi yangu. Wiki moja kabla ya kuandikiwa ripoti ya bima, nililala kitandani, nikaambiwa nikunje goti, nikaliachia lisimame kwenye 90 ingawa nilihisi bado lina nafasi. Kijana akaandika, asiseme neno. Nikashuka, nikainama kuokota kiatu kilichosukumwa chini ya kitanda, na nilipoinua uso nikamkuta amechutama kando yangu, goniomita mkononi.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "kitandani umenipa 90, na hapo chini kiatu kimenipa 112. Niandike lipi?"

Nikavaa kiatu kwanza, nikafunga kamba zote mbili, kisha nikamwambia ayaandike yote mawili.